Nilivyovundika Mwanga

Kuna neno moja ambalo nikilisikia kwa mwanafunzi, hata kama niko njiani na mzigo, nasimama. Neno lenyewe ni kupika. Siyo kupika ugali. Kupika data. Wiki iliyopita nilikuwa dukani hapa Ibighi nanunua chumvi, vijana watatu wenye sare wamesimama barazani wanacheka, mmoja anawaambia wenzake, "Mimi hata penduli sikuigusa. Nilipika zote, nikapata kumi na nane kwa ishirini." Wenzake wakampa tano. Nikaacha chumvi juu ya kaunta nikatoka, nikamuuliza, "Mwanangu, hiyo penduli ilikukosea nini hata uisingizie?" Akasema, "Shikamoo, bibi," kisha wakaondoka haraka, wakidhani nimeanza kuchanganyikiwa.

Sijachanganyikiwa. Nimefanya kazi ya maabara miaka thelathini na moja, katika shule moja ya sekondari huku kwetu Rungwe ambayo jina lake sitalitaja, kwa sababu nitakayoyasema hayataifurahisha. Barua yangu ya ajira ilisema mimi ni fundi sanifu wa maabara. Walimu waliniita mtunza stoo walipokuwa na hasira, na Mama Maabara walipokuwa na shida. Nimeosha mirija ya vioo mingi kuliko masufuria ya nyumbani kwangu. Kwa hiyo nina haki ya kukasirika, na nyie mnaosoma sayansi sasa hivi, pamoja na nyie mnaoajiriwa kutunza maabara, naomba mnivumilie nikasirike mpaka mwisho.

Nitawaeleza jaribio moja tu, la mianya miwili, maana ndilo lililonitia adabu. Siku hizi naambiwa mnaonyeshwa video yake dakika tatu halafu mnanakili mchoro. Sawa. Sisi tulilifanya kwa mikono, na lilitaka subira.

Jaribio lenyewe ni hivi. Unachukua mwanga wa rangi moja, unaupitisha kwenye mianya miwili myembamba iliyokaribiana sana. Ukiwa hujui lolote utasema ukutani yatatokea mabaka mawili. Hayatokei. Inatokea mistari mingi: mwanga, giza, mwanga, giza. Ni kwa sababu mwanga wa mwanya huu unakutana na wa mwanya ule, mahali pengine unaongezana, mahali pengine unauana. Hiyo ni tabia ya mawimbi, hata ya maji kwenye beseni. Sasa balaa linaanza hapa: mwanga huohuo ukiufifisha mpaka uwe kidogo kabisa, unakuta unafika kwa punje, moja hapa, moja pale, kama mvua inavyoanza juu ya bati. Na punje zenyewe, japo zinapita mojamoja, ukizisubiri zijae zinapanga mistari ileile. Punje iliyopita peke yake imekutana na nani? Mimi sijui. Waliosoma kuliko mimi nao wanabishana. Ila kwamba mistari inatokea, hilo nalijua, na nitawaambia nimelijuaje.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Gwakisa, aliyeitunza maabara ile kabla yangu. Mzee alikuwa na Kiswahili chake cha kwetu milimani, z kwake ni s, sh nayo ni s, na r hakuwa na shughuli nayo. Wiki yangu ya kwanza nilitaka aone kuwa kaletewa binti mchapakazi. Nikakuta kwenye droo vipande kumi na viwili vya vioo vimejaa masizi, vichafu, vya aibu. Nikavitoa vyote, nikavisugua kwa sabuni na majivu mpaka vikang'aa, nikavipanga dirishani vikauke. Mzee akaja asubuhi, akasimama mbele ya dirisha muda mrefu.

"Binti," akasema, "umeosa kasi yangu ya siku mbili."

Masizi yale ndiyo yalikuwa mianya yenyewe. Alikuwa amevifukiza vioo juu ya kibatari, kimoja kimoja, vikawa vyeusi, halafu akachukua nyembe mbili, akaweka kipande cha jalada la daftari katikati yake, akazibana pamoja na kuvuta mara moja kwenye masizi. Unapata mikwaruzo miwili, sambamba, imeachana robo ya milimita. Mkono ukitetemeka, umeharibu. Ukivuta mara mbili, umeharibu. Hakunifokea. Alinipa kibatari, nyembe na vioo kumi na viwili, akaketi kwenye kiti chake akanitazama siku tatu. Cha kumi na moja ndicho kilichokubali. Mpaka leo nikiona kioo kichafu popote nauliza kwanza ni cha nani.

Mzee alikuwa na kanuni ya kupima pia, nayo ninawapa bure. Usipime mstari mmoja. Pima kumi, ugawe. Kosa lako la jicho nalo linagawanyika kwa kumi. Na ukishapima, andika ulichokiona. Mwanafunzi akimletea namba nzuri mno alikuwa anaifunika kwa kiganja na kusema, "Hebu pima tena, mimi siioni visuri." Wengi walikuwa wanarudi na namba nyingine kabisa, wamekasirika, na mzee ndiyo kwanza anafurahi.

Baadaye mzee alistaafu, akafariki, nami nikabaki na funguo. Mkuu wa idara ya fizikia katika miaka yangu ya mwisho alikuwa Mwalimu Wambura, kijana wa Mara, kaletwa huku kwa barua ya uhamisho na koti moja jepesi, baridi ya Tukuyu ikamshikisha adabu mwezi wa kwanza. Nasema wazi: alikuwa anajua kufundisha. Siku moja anawaeleza kidato cha sita kwamba mwanga ni wimbi na wakati huohuo ni chembe. Akasema, bila kufikiri, kwamba kwao nyumbani wimbi ni nafaka, ulezi huu wa uji, mama yake kamlea kwa uji wa wimbi. Darasa likacheka. Msichana mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono, akasema, "Mwalimu, basi kwenu mlishamaliza ubishi. Wimbi lenyewe ni chembe." Wambura akacheka mpaka akavua miwani.

Msichana huyo alikuwa Atupele, wa Mpuguso, wazazi wake wana chai kidogo na migomba. Ndiye ninayetaka kuwaeleza habari zake.

Atupele alikuwa na tabia ya kubaki maabara wenzake wakishaondoka. Hana maneno mengi. Siku hiyo ya uji wa wimbi alikuja akaniuliza, "Mama, hizo punje mojamoja, kuna mtu hapa aliyewahi kuona?" Nikasema hapa hapana. "Tunaweza?" Nikataka kusema hatuwezi, maana ndilo jibu rahisi. Nikasema ngoja tufikirie.

Tulifikiria wiki mbili. Kwa fundi seremala wa Ibighi nikatengenezewa sanduku la mbao, urefu mita moja na nusu, nikalipaka rangi nyeusi ndani. Fundi yule hutengeneza majeneza, kwa hiyo wakati nalipitisha na mkokoteni watu walikuwa wanasimama na kuuliza ni mtoto wa nani. Upande mmoja tukaweka taa ndogo ya kijani, ile ya punje ya mchele inayotumia betri. Mbele yake vioo vya masizi vinne vimepangwa, ili mwanga uchoke kabisa. Halafu mwanya mmoja, halafu mianya miwili, halafu mita moja ya giza. Mwisho wa sanduku, filamu. Filamu nilipewa na mhudumu wa eksirei, jamaa yangu. Hospitali yao ilishahamia kwenye mashine za kompyuta, na zile za zamani zilikuwa zinangoja kutupwa. Akanipa tatu. Filamu za aina ile zinaona kijani vizuri na nyekundu hazioni, kwa hiyo unaweza kuzishughulikia chini ya taa nyekundu. Hayo Atupele aliyajua kabla yangu.

Alipiga hesabu kurasa nne, Wambura akazikagua akasema ziko sawa: mwanga ule ulikuwa mdogo kiasi kwamba kwa wastani punje inafika kwenye filamu muda mrefu kabla nyingine haijaingia kwenye mianya. Wajuzi watasema hiyo bado siyo hakika kamili, na wana haki yao. Kwa shule ya mlimani ilitosha. Picha ingehitaji wiki tatu. Filamu ya kwanza tukaitumia kujaribu dawa za kusafishia picha. Ya pili tukaitega. Ya tatu ikabaki kwenye bahasha yake nyeusi.

Wambura alipoona mambo yamekuwa ya kweli, akaandikisha kazi ile kwenye mashindano ya sayansi ya shule. Atakayepita wilayani anakwenda Mbeya, atakayepita Mbeya anakwenda Dar es Salaam, na washindi wa huko hupata mfadhili wa chuo kikuu. Atupele akaniambia, "Mama, mimi nataka tu nijue kama mistari itatokea." Lakini nilimwona alivyoandika jina lake kwenye fomu, taratibu, kwa herufi kubwa.

Sasa sikilizeni kosa langu la kwanza, ambalo nyie mnaweza kulicheka. Sanduku tuliliweka stoo ya nyuma, nikalifunika blanketi mbili ili mwanga usipenye. Aliyekuwa anafanya usafi pale ni Bupe, mwanamke wa heshima sana, tunaitana dada. Nikamwambia, "Dada Bupe, lile sanduku usiliguse, nimevundika." Nilikuwa nautania tu mwanga wangu. Siku zote nilikuwa nasema hivyo kwa Atupele, kwamba tumeivundika picha, tungoje iive.

Jamani. Mtu wa Rungwe ukimwambia umevundika, na mbele yake kuna sanduku limefunikwa blanketi stoo penye joto kidogo, ataelewa nini? Ndizi. Na mtu wa Rungwe anajua pia kwamba ndizi ulizovundika ukizisahau zaidi ya wiki zinaharibika. Bupe alivumilia siku nane kwa sababu ya heshima. Siku ya tisa akanihurumia. Akafunua blanketi, akafungua kifuniko, akamulika na tochi ya simu mpaka ndani kwenye kona. Hakukuta ndizi. Akajua nimeibiwa. Akaogopa kuniambia, asije akasingiziwa yeye, akafunika vizuri kama alivyokuta. Na kila asubuhi iliyofuata alifungua tena kuangalia kama mwizi amezirudisha.

Siku ya ishirini na moja tuliitoa filamu, mimi na Atupele, chini ya taa nyekundu, tukaitia kwenye dawa. Ikawa nyeusi. Yote, kona hadi kona, nyeusi kama masizi. Atupele aliishika kwenye koleo, akaigeuza, akaiangalia upande wa pili. Nje nikamwuliza Bupe kama kuna mtu aliingia stoo. Akaanza kutoa machozi kabla sijamaliza. "Dada, nisamehe," akasema, "ndizi zako nilikuta hazimo."

Sikumkasirikia. Neno lilikuwa langu. Nilijikasirikia mimi, halafu nikamkasirikia Wambura, maana siku ileile alikuja maabara, akaitazama filamu nyeusi kwa sekunde kama tano, akasema, "Mama Maabara, picha inatakiwa wilayani Ijumaa." Ilikuwa Jumatatu.

Nikamwambia tuandike kilichotokea. Sanduku lilifunguliwa, filamu imeungua, tunarudia.

"Uandike sanduku lilifunguliwa mtu akitafuta ndizi?"

"Ndiyo kilichotokea."

"Mama, tusijifanye malaika. Mistari tunaijua ikoje, iko kwenye kila kitabu. Leza nyekundu unayo, mianya unayo. Washa, piga picha ukutani, ifanye nyeusi na nyeupe. Dakika kumi. Nani atajua? Au unataka huyu mtoto akose Dar kwa sababu ya ndizi ambazo hata hazikuwepo?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia asinifundishe kupika, mimi nina jiko nyumbani. Akaondoka akibamiza mlango. Nami nilidhani nimeshinda.

Vijana, hapa ndipo ningependa kunyamaza, na ndipo nisiponyamaza. Jumatano Atupele hakuja maabara. Alhamisi akaja, macho mekundu, akaanza kuosha bika ambazo zilikuwa safi. Nikauliza una nini. Akasema baba kashauza mbuzi ili apate nauli na viatu vya kwendea mashindano, na yeye hajaweza kumwambia kwamba hakuna kitu. Halafu akasema hana neno, ataendelea kusoma. Angelia mbele yangu ningevumilia. Hakulia, akaendelea kuosha.

Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mithali hiyo niliijua tangu nikiwa darasa la pili na haikunisaidia kitu. Mchana ule walipokwenda kula nilifunga mlango, nikaiweka leza nyekundu kwenye meza. Nikachukua kioo kilekile cha mianya. Nikapima umbali uleule, mita moja kamili, maana mikono yangu haijui kufanya kazi ovyo hata ikiwa inaiba. Ukutani nikabandika karatasi nyeupe na rula pembeni. Mistari ikatokea mizuri, imenyooka. Nikapiga kwa simu, nikaiondoa rangi, nikaenda steshenari mjini, nikamsimamia yule kijana wa kompyuta achape picha kwa ukubwa wake halisi, milimita kwa milimita. Kisha nikairudisha shuleni na kumpa Mwalimu Wambura. Hakusema lolote la kunicheka. Alisema, "Ndaga, Mama," akinishukuru kwa Kinyakyusa chake cha kujifunza, na hilo liliniuma zaidi.

Jioni nikampa Atupele nakala. Nikamwambia kwamba nilikuwa nimetega filamu ya nne, ya akiba, niliyoongezewa hospitali, kwenye sanduku la zamani la Mzee Gwakisa, sikumwambia ili asiwe na matumaini mawili, na imetoka. Uongo ule niliupanga vizuri. Alinikumbatia. Alikuwa hajawahi kunikumbatia.

Halafu akachukua rula.

Niliona anachofanya na nilijua kinachokuja, na bado sikufungua mdomo. Akaweka rula kwenye mstari wa kwanza, akahesabu hadi wa kumi na moja ili apate nafasi kumi. Akaandika. Akapima tena. Akafungua kurasa zake nne za hesabu.

"Mama, hapa napata milimita ishirini na sita."

Nikasema vizuri.

"Kwa kijani inatakiwa ishirini na moja. Na umbali ni uleule?"

Nikasema ni uleule. Hilo lilikuwa kweli. Angalau hilo.

Akapiga hesabu pembeni, mistari miwili tu. Nyie mliosoma mnajua: mianya ileile, umbali uleule, mistari ikipanuka basi mwanga umebadilika. Nyekundu inatanua kuliko kijani. Rangi niliifuta kwenye karatasi, lakini kwenye nafasi ya mistari haifutiki. Ningekuwa fundi mvivu, nikaweka leza popote na kuchapa kwa ukubwa wowote, huenda asingenijua kamwe.

Atupele aliiweka kalamu chini. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hii ni leza."

"Mwanangu, ilikuwa kwa ajili yako."

"Najua, Mama." Akaigeuza picha kifudifudi. "Kwa hiyo mistari ya punje mojamoja bado hatujui kama inatokea."

Hakusema neno lingine la lawama, siku hiyo wala nyingine. Alikwenda kwa Wambura kumwambia hataiwasilisha picha ile. Wambura akamwambia imeshasainiwa na kutumwa. Atupele akamwambia haendi. Basi akatafutwa mvulana mmoja wa kidato cha tano mwenye maneno mengi, akapewa karatasi za maelezo na picha yangu, akaenda akaitetea kwa ulimi. Wilayani akashinda. Mbeya akawa wa pili, akarudi na kombe, shule nzima ikatoka madarasani kuimba. Hakuna jaji hata mmoja aliyechukua rula. Hilo ndilo linaloniwasha mpaka leo: watu wazima wenye miwani na vyeti, picha iko mbele yao, hesabu ya kijani iko ukurasa wa pili, na hakuna aliyepima. Wakampa kombe. Mkuu wa shule akaikuza picha ile, akaitia fremu, akaitundika ofisini juu ya kiti chake, na chini imeandikwa kwamba ni mwanga hafifu uliopigwa hapahapa shuleni, punje mojamoja.

Wakati wao wanaimba, Atupele alikuwa stoo ya nyuma. Alikuwa amekuja kuniomba ufunguo, akapiga goti kama kawaida, akachukua bahasha nyeusi yenye filamu ya tatu. Nikainuka nimsaidie. Akasema, "Asante, Mama, nitaweza." Akaitega peke yake, mlango umefungwa. Juu ya blanketi akabandika karatasi: HAMNA NDIZI HUMU. Bupe aliisoma, akacheka, akashinda akililinda sanduku kama mali yake. Kuna siku alimfukuza hata Wambura.

Wiki tatu, katikati ya maandalizi ya mtihani wa mwisho. Siku ya kuitoa niliomba niwepo. Akaniruhusu nisimame mlangoni, ndani ya pazia. Chini ya taa nyekundu niliona mikono yake ikiingiza filamu kwenye dawa, ikiitikisa taratibu nilivyomfundisha. Dakika ya kwanza hamna kitu. Dakika ya pili hamna kitu. Halafu katikati pakaanza kuwa na kijivu, halafu kijivu kikaanza kukatika. Mistari. Hafifu, imepinda kidogo upande mmoja, na pembeni alama ya kidole chake. Mibaya kuliko ya kwangu mara mia.

Alingoja ikauke. Akapima mara tatu, kila mara akifunika namba ya mwanzo kwa kiganja. Ishirini na moja, ishirini na moja na nusu, ishirini na moja. Akafunga daftari.

"Inatokea, Mama," akasema, na hapo ndipo alipolia.

Nikamwambia tuitundike. Nikamwambia nitatafuta fremu nzuri, tuiweke ukutani kwenye maabara, jina lake chini, kila mwanafunzi anayekuja aione. Nilikuwa nasema haraka haraka, kama mtu anayelipa.

Akaitazama filamu yake dhidi ya dirisha. "Na ile ya ofisini?"

"Ile itakuwepo kule."

"Basi watu watapita kule waone nzuri, waje huku waone mbaya. Watasema ya kweli ni ile."

Nilivua koti la maabara, nikatoka, nikaenda moja kwa moja ofisini kwa mkuu wa shule. Nikamweleza yote, tangu neno kuvundika hadi steshenari, nikamwonyesha fremu juu ya kichwa chake, nikamwomba aishushe. Alinisikiliza kwa heshima, maana nilikuwa mkubwa wake kwa umri. Akasema, "Mama, umebakiza miezi minne ustaafu. Kombe limeshapatikana, wazazi wamefurahi. Usijisumbue na mistari." Nikasema siondoki. Akapokea simu, akaongea, akamaliza, akakuta bado nimesimama. Akainuka yeye, akaondoka. Nikapanda kwenye kiti niishushe mwenyewe. Ilikuwa imepigwa misumari, na mimi si kijana tena.

Niliporudi maabara Atupele alikuwa amepanga kila kitu mahali pake, vioo, nyembe, koleo. Aliona mikono yangu mitupu. Filamu alikuwa ameshaitia kwenye bahasha, bahasha kwenye daftari, daftari kwenye begi. Nikamwambia aniachie angalau niitunze mpaka amalize mtihani, stoo hii ina unyevu lakini mimi najua pa kuiweka.

Akapiga goti akaniaga vizuri, kwa adabu yote waliyomfunza kwao Mpuguso. Kisha akasema hapana, Mama, akachukua begi lake akaenda na filamu yake.